Sakafu ya vigae inayochafuka upya kila baada ya deki: uchambuzi wa kisa kimoja

Sakafu hii ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4.2, yaani mita za mraba 21, na inaunganisha jiko na sebule bila ukuta katikati. Vigae ni vya kauri vyenye tabaka la kioo juu, rangi ya maziwa, sentimita 40 kwa 40, unene wa milimita 8. Viungio, yaani nafasi kati ya kigae na kigae, vina upana wa milimita 4 na vilijazwa grauti ya saruji ya kijivu hafifu. Ina umri wa miaka sita. Inapigwa deki kila siku, na bado wenye nyumba wana malalamiko yaleyale: kadiri wanavyoisafisha ndivyo inavyozidi kuchafuka. Ikidekiwa asubuhi, jioni nyayo zimeshajichora juu yake.

Mtu akisikia malalamiko kama hayo hukimbilia kuongeza sabuni, au kutafuta dawa kali zaidi. Hapa yote mawili yalishafanyika kabla ya uchunguzi wowote, na ndiyo yaliyoifikisha sakafu hapo ilipo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kujua huo uchafu ni nini hasa.

Dalili

Ukisimama mlangoni mwanga ukiingia kutoka ubavuni, unaona ukungu wa kijivu wenye michirizi ya nusu duara, sawasawa na mkono unavyozungusha mopu. Ukitembea peku, nyayo zinanata kidogo na kutoa sauti. Sakafu ikilowa inateleza kuliko ilivyokuwa ikiwa mpya. Njia ya kutoka mlango wa nje hadi jikoni imekuwa nyeusi kwenye viungio, lakini ukisogeza kabati, grauti iliyokuwa chini yake bado ina rangi yake ya awali.

Hiyo dalili ya kabati ina uzito mkubwa. Inaonyesha kwamba grauti haikubadilika rangi kwa uzee wala kwa unyevu wa kutoka chini. Weusi unafuata mahali panapokanyagwa na panapodekiwa, basi.

Kulikuwa na mambo mengine mawili yaliyojitenga na hayo. Mbele ya sinki, katika eneo la mita za mraba 3 hivi, viungio vilikuwa vimezama chini ya uso wa vigae na ukivikuna kwa msumari vinatoa chembe za mchanga. Na karibu na mlango wa nje, vigae vinne vilitoa sauti ya uwazi vilipogongwa kwa mpini wa kijiko, grauti ikiwa imepasuka kandokando yake na unga mweupe umejitokeza kwenye nyufa. Ni matatizo matatu tofauti kwenye sakafu moja, na kila moja lina tiba yake. Anayemwaga dawa moja juu ya yote atatibu moja na kuharibu mawili.

Jinsi ilivyokuwa ikisafishwa

Ndoo moja ya lita 10, maji baridi, konzi mbili za sabuni ya unga ya kufulia (gramu 60 hivi), mopu ya nyuzi za pamba. Sakafu nzima kwa ndoo hiyo moja, bila kusuuza. Mara moja kwa wiki maji ya klorini yaliongezwa ndani ya ndoo. Mara mbili katika mwaka uliopita, viungio vya mbele ya sinki vilimwagiwa asidi ya haidrokloriki ili viwe vyeupe.

Tufanye hesabu ya ndoo hiyo. Gramu 60 katika lita 10 ni gramu 6 kwa kila lita. Mopu ya pamba iliyokamuliwa kwa mkono huacha maji mengi. Tukisema desilita moja tu, yaani sehemu ya kumi ya lita, kwa kila mita ya mraba, mita za mraba 21 zinabaki na lita 2 za maji hayo juu yake. Maji yanakauka na kwenda hewani. Sabuni haiendi popote. Gramu 12 za sabuni, pamoja na uchafu ulioyeyuka ndani yake, zimebaki sakafuni kwa siku moja. Deki ya kesho itazoa sehemu yake, lakini italeta nyingine.

Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kwa ajili ya nguo zitakazosuuzwa kwa maji mengi. Ndani yake mna magadi, chumvi za kujazia na vitu vya kung'arisha vitambaa, na vyote hivyo havivukizi. Vikikauka juu ya kigae vinafanya utando mwembamba unaovuta unyevu wa hewani na kunata. Vumbi la mchana linashikwa na utando huo, miguu inalikandamiza, kesho linafunikwa na utando mwingine. Kama maji ya nyumba ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, hali huwa mbaya zaidi, hasa kwa sabuni ya kawaida ya kipande au ya maji iliyotokana na mafuta: chokaa hushikana na sabuni na kufanya ugaga usioyeyuka tena kwa maji matupu.

Mfumo wa ndoo moja una kasoro nyingine. Baada ya mita chache za mraba maji yameshakuwa ya kijivu, na kuanzia hapo mopu inahamisha uchafu wa mlangoni kuupeleka jikoni. Viungio viko chini kidogo ya uso wa vigae, kwa hiyo maji machafu hutuama humo, na grauti ya saruji ina vinyweleo. Inayanywa. Maji yakikauka, uchafu unabaki ndani. Ndiyo maana viungio vyeusi viko kwenye njia inayodekiwa sana.

Klorini ilitoa matumaini ya uongo. Inaua ukungu wa kuvu na kufifisha rangi za vitu vilivyotoka kwa mimea au chakula, lakini haing'oi mafuta wala utando wa sabuni. Viungio vinaonekana vyeupe siku mbili tatu, kisha weusi unarudi kwa sababu kinachoushika bado kipo palepale.

Asidi ndiyo iliyoleta hasara ya kudumu. Kinachoshikilia chembe za mchanga ndani ya grauti ni saruji, na saruji ina chokaa ambayo asidi huiyeyusha. Povu linaloonekana asidi ikimwagwa juu ya kiungio ni grauti yenyewe ikiliwa. Wengi huliona na kudhani ni uchafu unaotoka. Ngozi ya juu iliyokuwa na uchafu imeondoka, ni kweli, na rangi mpya ikaonekana. Lakini uso uliobaki ni wa mchanga mtupu wenye mashimo makubwa zaidi, unaomeza uchafu haraka mara dufu. Mara ya pili ilipomwagwa, ilichimba zaidi.

Vipimo kabla ya kugusa chochote

Vipimo vilivyotumika havihitaji vifaa vya maabara, na vinachukua chini ya saa moja.

Cha kwanza ni maji ya moto matupu. Chagua kigae kimoja katikati ya njia, mwaga robo lita ya maji ya moto ambayo mkono wenye glavu unaweza kuvumilia, subiri dakika tano, kisha sugua kwa brashi safi ya nailoni ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Povu likitoka wakati hukuweka sabuni, jibu umelipata. Hapa lilitoka povu jeupe zito, na kitambaa cheupe kilichopangusa kigae hicho kikawa cha kijivu.

Cha pili kinalinganisha. Kwenye vigae vitatu vilivyo jirani, weka maji matupu kwenye kimoja, maji yenye magadi soda (sodiamu kaboneti, si bikarbonati ya kuokea; kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja) kwenye cha pili, na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwenye cha tatu, ukikaa katikati ya kigae bila kugusa viungio. Dakika tano, sugua, suuza, kausha. Penye mafuta na sabuni, magadi hushinda. Penye chokaa ya maji magumu au mabaki ya saruji ya ujenzi, siki hushinda. Katika njia ya jikoni magadi yalitoa kigae safi kabisa, siki ikaacha ukungu karibu wote. Mbele ya sinki ikawa vinginevyo: magadi yalitoa mafuta, lakini alama nyeupe za matone ziliondoka kwa siki tu.

Cha tatu ni tone la maji juu ya grauti kavu. Lilinywewa na kuacha doa jeusi chini ya nusu dakika, ishara kwamba vinyweleo viko wazi kabisa na hakuna kinga yoyote iliyobaki.

Cha nne ni penseli, na hufanywa baada ya kigae kimoja kusafishwa na kukaushwa. Chora mstari mwepesi, kisha ufute kwa kitambaa kibichi. Ukifutika, tabaka la kioo ni zima. Ukibaki kwenye vijimstari vidogo, uso umeshakwaruzwa. Katika njia ya mlangoni mstari ulibaki. Mchanga unaoingia na viatu mara nyingi una chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko tabaka la kioo la vigae vingi vya kauri, na ukiburuzwa na mopu iliyolowa bila kufagiliwa kwanza unafanya kazi ya msasa. Sehemu hiyo haitarudi kung'aa kama mpya kwa dawa yoyote, na ni vizuri wenye nyumba waambiwe hivyo mapema.

Kuondoa utando

Kwa mita za mraba 21 huhitajika lita 10 hadi 11 za maji ya magadi, kwa kipimo cha nusu lita kwa kila mita ya mraba. Mchanganyiko ni gramu 30 za magadi soda, yaani vijiko viwili vya chakula, katika lita 5 za maji ya moto. Kwa njia ya jikoni iliyokuwa na mafuta, kipimo kilipandishwa hadi gramu 60. Sabuni haikuongezwa hata tone, kwa sababu utando uliopo una sabuni ya kutosha kufanya kazi yenyewe ukishalainika.

Fagia kwanza, na ufagie vizuri, hadi chini ya makabati. Vaa glavu za mpira, maana magadi ya moto hukausha na kuchubua ngozi. Fungua madirisha. Kisha gawa sakafu katika vipande vya mita za mraba 2, ukianzia pembe iliyo mbali na mlango. Mwaga lita moja kwenye kipande kimoja, isambaze kwa brashi, iache dakika kumi. Ikianza kukauka pembeni, ongeza maji kidogo: magadi yakikauka huacha unga mweupe na kazi inaanza upya. Sugua kwa brashi ya nailoni ya wastani, kwanza uso wa vigae, kisha viungio kwa kufuata mstari wake.

Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibika. Maji hayo meusi lazima yatoke ndani ya nyumba. Kuyafuata na mopu iliyolowa ni kuyatandaza upya. Yasukume kwa kipangusio cha mpira hadi kwenye kizolea taka, yamwage kwenye ndoo ya maji machafu, na kinachobaki kinyonywe kwa taulo kuukuu. Mwenye mashine ya kufyonza maji atamaliza haraka zaidi. Halafu suuza kwa maji safi, yaondoe vilevile, suuza tena. Ndoo ya kusuuzia ibadilishwe kila baada ya vipande viwili. Kausha kwa taulo kabla ya kwenda kipande kinachofuata, ili uone matokeo na miguu isirudishe uchafu.

Katika sakafu hii maji ya kusuuza yalikuwa bado yanatoa povu mara ya tatu, na njia ya jikoni ikabidi irudiwe yote siku iliyofuata. Hilo lisimshangaze mtu. Utando wa miaka una tabaka nyingi, na kulowesha mara mbili kwa dakika kumi kumi kunafanya kazi nzuri kuliko kusugua kwa nguvu mara moja.

Wapo wanaoshauri maji ya mwisho yawe na siki kidogo ili kuua makali ya magadi. Kwa sakafu yenye grauti nzima, siki hafifu sana haina madhara makubwa. Kwa hii ambayo grauti yake ilishaliwa na asidi, hatukuona sababu. Kusuuza mara moja zaidi kwa maji matupu kunatosha.

Alama za chokaa mbele ya sinki zilitibiwa peke yake. Viungio vilimwagiwa maji safi kwanza hadi vikashiba, ili vinyweleo vijae maji na visinywe siki. Kisha siki nusu kwa nusu ilipakwa juu ya vigae kwa kitambaa, dakika mbili tu, ikasuuzwa kwa maji mengi. Dawa za klorini zilikuwa zimeondolewa chumbani kabisa siku hiyo. Klorini ikikutana na siki au asidi nyingine hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Zote huunguza mapafu, na katika jiko dogo lililofungwa madhara huja kwa dakika chache.

Brashi ya waya na nyuzi za chuma zisiguse sakafu. Zinaacha vipande vidogo ndani ya vinyweleo vya grauti, vinapata kutu, na unapata madoa ya rangi ya chungwa ambayo hayakuwepo.

Grauti: kipi cha kusafisha, kipi cha kubadilisha

Vigae vya sentimita 40 vina mita 5 za viungio katika kila mita ya mraba, kwa hiyo sakafu nzima ina mita 105. Hakuna haja ya kupiga magoti mita zote hizo. Baada ya magadi, viungio vya sebuleni vilirudi kwenye rangi yake. Vilivyobaki na weusi ni vya njia, kama mita za mraba 6, sawa na mita 30 za kiungio.

Hivyo vilipakwa sodiamu perkaboneti, unga mweupe unaotumika kung'arisha nguo bila klorini. Ukiuweka kwenye maji ya uvuguvugu hutoa haidrojeni peroksaidi na magadi. Vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, paka kwa brashi nyembamba, acha dakika 15 hadi 20 pakiwa pabichi, sugua, ondoa maji, suuza. Changanya kiasi cha kutumia wakati huo tu: mchanganyiko ukifungwa ndani ya chupa unaendelea kutoa gesi hadi chupa ipasuke. Wala usiuchanganye na klorini. Mahali usipopatikana, uji mzito wa bikarbonati ya soda na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 unafanya kazi ileile polepole zaidi. Kwa grauti ya rangi iliyokoza, jaribu kwanza kwenye kona iliyofichika.

Mbele ya sinki hapakuwa na cha kusafisha. Grauti inayotoa mchanga haiponi kwa kusuguliwa, wala kwa kupakwa dawa ya kuziba juu yake. Iliondolewa na kujazwa upya, mita 15. Kiasi kinachohitajika hakikisiwi: upana milimita 4, kina milimita 5, urefu mita 15, unapata lita 0.3 za nafasi. Hiyo ni nusu kilo hivi ya unga. Mfuko wa kilo moja ulitosha pamoja na kilichopotea.

Kina cha milimita 5 kimetokana na unene wa kigae. Kwenye kigae cha milimita 8, ondoa grauti hadi karibu theluthi mbili za unene. Safu nyembamba ya grauti mpya juu ya ile mbovu hubanduka kama ganda ndani ya miezi michache, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote katika ukarabati wa viungio. Tumia msumeno wa mkono wa kukwangulia grauti, mwendo mrefu na mwepesi katikati ya kiungio. Mashine ni ya haraka, lakini mkono ukiteleza mara moja umeng'oa ukingo wa kigae. Fyonza vumbi lote. Lowesha viungio kidogo, bila maji kutuama.

Kwa kiungio cha milimita 4 grauti iwe ile yenye mchanga laini ndani yake; isiyo na mchanga ni ya viungio vyembamba kuliko milimita 3, na ikijazwa kwenye kipana hunywea na kupasuka. Pima maji kama pakiti inavyoelekeza. Acha mchanganyiko utulie dakika tano hadi kumi, koroga tena, na usiongeze maji ukianza kuwa mgumu. Maji ya ziada hutoa grauti dhaifu yenye madoa mepesi na vinyweleo vingi, yaani ugonjwa uleule uliokuwa ukitibiwa. Sukuma kwa mwiko wa mpira ukiwa umeuinamisha nyuzi 45 na ukienda mshazari kuvuka kiungio, ili ukingo wa mwiko usichote ulichojaza. Dakika 15 hadi 20 baadaye pangusa kwa sponji iliyokamuliwa sana, mshazari vilevile. Ukungu unaobaki juu ya vigae futa kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo. Ukiuacha wiki nzima utatafuta asidi, na tumeshaona asidi inafanya nini. Usikanyage kwa saa 24.

Pembe inayokutanisha sakafu na ukuta, na ukingo wa kabati la sinki, havikujazwa grauti. Viliwekwa silikoni. Sakafu na ukuta hutanuka na kunywea tofauti, na grauti ngumu kati yake hupasuka tu.

Vigae vinne vya mlangoni

Unga mweupe kwenye nyufa ni chumvi. Maji ya deki na ya mvua yaliingia kupitia grauti iliyopasuka, yakayeyusha chumvi za saruji iliyo chini, kisha yakapanda na kukauka juu yakiziacha. Chumvi hiyo iliondolewa kwa brashi kavu na kufyonzwa. Ukiiosha kwa maji mengi unairudisha chini, kisha inapanda tena.

Sauti ya uwazi peke yake haimaanishi kigae lazima kitoke. Cha kuangalia ni kama kinacheza. Vigae viwili vilisogea vilipokanyagwa pembeni, viwili vilikaa imara. Viwili vya kwanza viling'olewa: grauti ilikatwa pande zote nne, kisha tindo ikaingizwa kutoka kwenye kiungio. Chini palionekana sababu. Udongo wa kubandikia ulikuwa umewekwa mafungu manne ya kona na moja la katikati, mengine yote ni hewa. Kigae cha sakafu kinatakiwa kibebwe karibu uso wake wote, hasa mlangoni ambako uzito wa mwili hutua kwa kishindo. Udongo wa zamani ulikwanguliwa hadi zege, mpya ukapigwa kwa mwiko wa meno, na mgongo wa kigae nao ukapakwa safu nyembamba kabla ya kukibonyeza mahali pake. Grauti ilijazwa kesho yake.

Gundi ya kudunga kwa sirinji kupitia tundu dogo ilifikiriwa na kukataliwa. Mtu haoni umbo la uwazi ulio chini, na penye vumbi na chumvi gundi inashika vumbi, haishiki kigae. Vile viwili vilivyo imara vilibadilishiwa grauti tu, na vitagongwa tena kila baada ya miezi mitatu.

Kuziba vinyweleo

Tabaka la kioo halinywi chochote, kwa hiyo vigae vyenyewe havihitaji dawa ya kuziba, nta wala mafuta. Chochote kinachopakwa juu yake kitakaa juu, kitanata na kukwaruzika, na mtarudi mlikoanzia. Dawa ni ya viungio, aina inayopenya ndani bila kuacha ngozi. Viungio viachwe vikauke siku tatu kamili, na kwa grauti mpya fuata muda wa pakiti kama ni mrefu zaidi. Paka mara mbili kwa brashi nyembamba, na kila kilichomwagikia kigae kifutwe ndani ya dakika tano. Kesho yake tone la maji lisimame juu ya kiungio bila kukitia weusi.

Deki ya kila siku baada ya hapo

Utaratibu uliowekwa ni mwepesi kuliko ule wa zamani. Kufagia au kufyonza vumbi kila siku, kabla ya maji yoyote. Mkeka mgumu nje ya mlango wa kukung'utia mchanga, na mwingine wa kitambaa ndani. Vipande vya feliti chini ya miguu ya viti.

Deki yenyewe ni ya ndoo mbili: moja ina lita 5 za maji ya uvuguvugu na sabuni ya sakafu isiyo kali, yenye pH karibu 7 (yaani haina ukali wa asidi wala wa magadi), kwa kipimo cha chupa wala si zaidi, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia mopu kabla haijarudi kwenye ya kwanza. Mopu ni ya nyuzi ndogondogo za maikrofaiba, inayoondoka na uchafu badala ya kuusukuma. Ikamuliwe hadi sakafu ikauke ndani ya dakika tano. Maji yabadilishwe kila baada ya mita za mraba 10, ambazo hapa ni mara moja katikati ya kazi. Siku moja kwa wiki sakafu idekiwe kwa maji matupu. Mafuta yakimwagika jikoni, yafutwe palepale kwa matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye kitambaa na kusuuzwa, bila kungoja deki. Mopu ioshwe na kuanikwa ikauke kabisa kila baada ya kazi; inayolala ndani ya ndoo ndiyo chanzo cha ile harufu ya uvundo ambayo watu huilaumu sakafu.

Kujua kama sabuni imezidi hakuhitaji macho makali. Baada ya wiki nne kipimo cha maji ya moto kilirudiwa kwenye kigae kilekile cha njiani. Povu halikutoka, na kitambaa kilibaki na vumbi hafifu tu. Viungio vilikuwa na rangi moja kuanzia chini ya kabati hadi katikati ya njia. Sehemu iliyokwaruzwa mlangoni bado haing'ai kama kwingine, kama ilivyotarajiwa, na hatukuipaka kitu. Kipimo hicho kifanywe mara moja kila miezi mitatu, siku ileile ya kugonga vigae viwili vya mlangoni, pamoja na tone la maji juu ya grauti ya njiani. Tone likianza kuacha doa, paka dawa ya kuziba upya kwenye njia peke yake. Povu likitokea tena, punguza sabuni ya ndoo nusu na usuuze kwa maji matupu wiki nzima kabla ya kufikiria magadi.